Simu, Ndoa na Amana



Katika lugha yetu yapo maneno manne ambayo tumezoea kuyafundisha mbalimbali, kana kwamba hayajuani: amani, imani, uaminifu na amana. Lakini yote ni ya ukoo mmoja. Yametoka katika shina moja la Kiarabu, nasi tukayapokea, tukayapa viambishi vyetu, yakawa wenyeji. Amani ni utulivu wa mtu asiyehofu. Imani ni hali ya moyo unaomtegemea mwingine. Uaminifu ni sifa ya yule anayestahili kutegemewa. Na amana ni kitu unachomwekea mwenzio akutunzie, ukitumaini kwamba hatakitumia vibaya. Nimeanza na maneno haya kwa sababu swali ninalotaka kulijadili limeingia katika nyumba zetu kwa mlango wa simu, na aghalabu watu hulijadili kwa neno moja tu la ukoo huo, yaani uaminifu, wakayasahau yale mengine.

Swali lenyewe ni hili: Mume na mke wakikubaliana kwamba kila mmoja aweze kuona katika simu yake mahali alipo mwenzake, saa zote, je, imani yao huzidi au hupungua?

Hapa Masafu, maili chache kutoka mji wa Busia, swali hili si la anasa. Sisi ni watu wa mpakani. Neno bodaboda, ambalo leo hutumika Afrika ya Mashariki nzima, husemekana lilizaliwa kwetu, kwa vijana waliokuwa wakiwapakia wasafiri katika baiskeli kutoka boda moja hadi boda ya pili. Ni shida kupata nyumba isiyokuwa na mtu wa safari. Huyu hununua samaki Majanji ziwani. Yule huuza nafaka katika soko la Busia upande wa Kenya. Wa tatu ni dereva wa lori litokalo Mombasa kwenda Kampala, Kigali au Juba. Mume hulala Malaba, mke hulala Masafu. Au mke hulala ng'ambo na bidhaa zake, mume akabaki na watoto. Zamani aliyebaki alingoja. Khabari zililetwa na msafiri mwingine, au hazikuletwa kabisa. Aliyengoja alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: kuwa na imani, au kuwa na wasiwasi.

Siku hizi limezuka jambo la tatu, nalo ni kujua. Simu hupokea ishara za setilaiti zinazoizunguka dunia. Ikizipata nne au zaidi huweza kukadiria mahali ilipo, na penye uwazi hukosea kwa mita chache tu. Mwenye simu akiridhia, mahali pale huonekana katika simu ya mwenzake kama nukta ndogo juu ya ramani. Tangu mwaka 2017 WhatsApp imewawezesha watu kuonyeshana mahali walipo kwa muda wa dakika 15, saa moja au saa nane, kisha nukta hutoweka yenyewe. Ramani za Google, tangu mwaka huohuo, huruhusu pia jambo hilo liendelee mpaka mwenyewe alizime. Kwa fundi tofauti hiyo ya muda ni ndogo. Kwa wanandoa, kama nitakavyoeleza, ni kubwa sana.

Haifai kuibeza desturi hii kabla ya kuitendea haki, nami ni mmoja wa walioisifu. Mume wangu ni dereva wa lori. Mnamo Aprili 2020, katika siku za Korona, serikali ya Uganda iliamuru madereva wote wa malori wapimwe mpakani. Foleni zikanyoka kilomita nyingi upande wa Kenya, Malaba na Busia, na madereva wakalala ndani ya malori yao siku kadhaa. Watu waliwaogopa kama walioleta tauni. Mume wangu alikuwa karibu kiasi cha kufikiwa kwa baiskeli, lakini sikuweza kumpelekea hata sahani ya chakula. Usiku mmoja alinifungulia mahali alipo, nami nikaiona nukta ile ikisogea hatua kwa hatua kuelekea nyumbani. Sikuona upelelezi wowote katika jambo hilo. Nilishukuru, nikalala.

Wala sikuwa peke yangu niliyekuwa nikimwona. Kabla ya Korona, mamlaka za kodi za Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa zimekwisha kuanza kuyafuatilia makontena njiani kwa kufuli za elektroniki. Katika mwaka ule wa 2020 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanzisha mfumo wa kufuatilia mizigo pamoja na madereva, kwa programu iliyowekwa katika simu ya dereva mwenyewe. Tajiri wa lori naye alikuwa na kifaa chake. Nikajisemea moyoni: ikiwa tajiri anaona na serikali inaona, seuze mke?

Korona ikapungua, foleni zikaisha, lakini nukta haikuzimwa. Hakuna aliyesema iendelee. Ila hakuna aliyesema ikome. Nikawa naitazama asubuhi kabla ya kwenda kazini, halafu wakati wa mapumziko, halafu kati ya kipindi na kipindi. Hatimaye nikajikuta nikifanya jambo ambalo mpaka leo naona haya kulieleza. Jioni, nukta ikiwa imetulia Bugiri, nilikuwa nikimpigia na kumwuliza, "Baba watoto, umefika wapi?" Naye hujibu, "Nipo Bugiri, Mwalimu." Nami huitikia, "Haya, safari njema," kana kwamba ndiyo kwanza nimesikia.

Usiku mmoja alijibu kwamba amekwisha kuvuka, yuko Busia upande wetu, katika uwanja wa malori. Nukta ilisema yuko upande wa Kenya. Nikamwambia, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwangu, "Mbona naona bado uko ng'ambo?" Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe siku zote hizi, Mwalimu, ulikuwa hunulizi. Ulikuwa unanisahihisha."

Sisi tukaao mpakani twajua kwamba simu ikikosa setilaiti hukisia mahali kwa minara ya simu iliyo karibu, na mnara ulio karibu waweza kuwa wa nchi ya pili. Yamkini nukta ilikosea. Yamkini hata mume wangu alisema maneno ya kunituliza tu, akijua kwamba baada ya saa moja yatakuwa kweli. Angaliweza kunionyesha hati yake ya mpakani yenye tarehe na saa. Hakunionyesha, wala mimi sikuiomba, na sikuiomba kwa makusudi. Lakini neno lake lilinikaa moyoni, nami nimelifikiri kama mwalimu anavyopaswa kufikiri juu ya kazi yake.

Sisi walimu tuna aina ya swali ambalo watu wengine hawanalo. Mtu wa kawaida huuliza kwa sababu hajui. Mwalimu huuliza ilhali anajua. Anachotaka si jibu bali ni kumpima mjibu. Darasani swali hilo ni halali, maana mwanafunzi anajua kwamba anapimwa, na vipimo vipo kwa faida yake. Lakini ukimwuliza mwenzio swali la mtihani huku ukijifanya kwamba ni swali la khabari, umemdanganya, hata kama hukutamka neno lolote la uongo. Niangalie basi jinsi mambo yalivyogeuka: katika nyumba yetu, kwa muda wa miezi mingi, mtu aliyekuwa akisema kweli kila jioni ni mume wangu, na mtu aliyekuwa akificha jambo ni mimi.

Hapo ndipo nilipolikumbuka neno amana, na hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Watu husema kwamba mwenye kuonyesha mahali alipo ndiye anayejaribiwa uaminifu. Mimi nathubutu kusema kinyume chake. Anayefungua simu yake ameweka amana mikononi mwa mwingine: amempa mienendo yake, vituo vyake, kuchelewa kwake, na hata makosa yake madogo. Aliyepewa ndiye anayejaribiwa. Je, ataitumia amana hii kwa lile aliloombwa, yaani kujua kama mwenziwe yu salama, au ataigeuza kuwa daftari la mahudhurio?

Plato, mwanafalsafa wa Wayunani wa kale, ameandika kisa cha mchungaji mmoja wa Lydia aliyeokota pete ya ajabu. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Mchungaji yule akaitumia kumpata malkia, kumwua mfalme na kutwaa ufalme. Swali linalotokana na kisa hicho ni kama mtu mwema atabaki mwema iwapo hapana awezaye kumwona. Wengi wanaosifu simu hizi husema kwamba zimemvua msafiri pete ile: sasa anaonekana, kwa hiyo atatenda mema. Lakini hebu tutazame vizuri. Msafiri anaonekana, ndiyo. Lakini ni nani sasa anayeona bila ya kuonekana? Ni yule aliyeketi nyumbani na simu mkononi. Pete haikutupwa, imehamia kidole cha pili. Wahenga walisema macho hayana pazia, na kweli hayana. Kwa hiyo pazia halina budi kuwekwa na mwenye macho mwenyewe.

Na ile hoja yangu ya tajiri na serikali, kwamba kama wao wanaona, seuze mke? Naona sasa ina tundu kubwa. Kontena hufuatiliwa kwa sababu kontena haliwezi kuahidi. Haliwezi kusema, "Nitafika kesho," likaona aibu lisipofika. Mtu aweza. Siku ya ndoa, iwe kanisani, msikitini au mbele ya wazee waliopokea mahari, hatukupewa ramani ya mtu. Tulipewa neno lake. Anayemtaka mwenziwe athibitishe kila saa amekwisha kuliweka kando neno lile na kumweka katika fungu la mizigo. Waama, imani si upofu. Twamwamini mtu kwa yale tuliyoyajua kwake miaka iliyopita: alivyolea watoto, alivyouguza mama yake, alivyorudisha deni. Lakini kujua huko hukoma mahali fulani, na hapo kukomapo ndipo imani inapoanza kazi yake. Aliyejua yote hana tena nafasi ya kuamini, kama vile aliyekwisha kushiba hana nafasi ya kula. Ndiyo maana wazee wakasema, ukimchunguza sana bata hutamla.

Yafaa pia tuseme machache juu ya ridhaa, kwa kuwa watetezi wa jambo hili husema, "Mbona wamekubaliana?" Wanafunzi wetu wa fasihi wanaujua utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Humo mke anafundishwa kuomba ruhusa ya mume kabla ya kutoka, na asikawie njiani. Mume hafundishwi vivyo. Leo twasema tumeendelea, kwa kuwa simu huonyesha pande zote mbili. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imewapa mume na mke haki sawa katika ndoa, na imelinda faragha ya kila mtu. Lakini usawa wa simu si lazima uwe usawa wa nyumba. Ni nani aliyeinunua simu? Ni nani anayelipia data? Nukta ya mume ikisimama mahali pasipoelezeka, mke hununa. Nukta ya mke ikisimama hivyo, yampata nini? Palipo na mkono wa kupiga, hapana ridhaa, ipo hofu iliyojifunika nguo ya ridhaa. Na mwanamke, au mwanamume, anayeishi katika hofu ya namna hiyo, simwambii aionyeshe simu yake kwa ajili ya imani; namwambia ailinde, maana siku moja huenda akahitaji kwenda mahali pasipojulikana.

Sheria za kulinda taarifa za mtu, ya Uganda na ya Kenya, zote mbili za mwaka 2019, zinataka ridhaa iwe ya hiari, ya jambo mahsusi, na ya mtu aliyeelezwa vema anachokubali. Sheria hizo hazikutungwa ili ziingie chumbani kuamua ugomvi wa mume na mke, lakini zinatupa kipimo chema. Nami nakiweka kwa maneno ya nyumbani: aweza kuizima nukta leo jioni bila kuitwa mbele ya baraza? Ikiwa aweza, basi kuiwasha kwake kuna maana, kwa sababu ni zawadi. Ikiwa hawezi, basi hata kama aliridhia kwa moyo wote mwaka ule wa kwanza, ridhaa ile imekwisha kufa, na kilichobaki ni mazoea au amri. Hiyo ndiyo sababu nilisema tofauti ya muda ni kubwa. Nukta inayozimika baada ya saa nane humlazimu mtu kutoa upya kila safari. Nukta isiyo na mwisho humlazimu kuomba ruhusa ya kuacha.

Najua pingamizi lenye uzito kuliko yote, maana nimeambiwa na mwanamke mwenzangu kwa machozi. "Wewe wasema hivyo kwa kuwa hujadanganywa." Sisi wa mpakani hatuwezi kulicheka neno hili. Katika miji ya Busia na Malaba, UKIMWI ulichukua watu wengi, na wake wengi waliokuwa nyumbani na imani zao waliletewa maradhi na waume waliowaamini. Aliyekwisha kudanganywa ana haki ya kupimwa pamoja na mwenziwe, ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kuondoka. Ikiwa anaamua kubaki, na mkosaji mwenyewe anajitolea kuonyesha njia zake kwa muda, siwezi kumkataza. Mfupa uliovunjika hufungwa gango. Lakini gango si mfupa. Mganga hulifunga akijua siku atakayolifungua, na lisipofunguliwa mguu hudhoofika. Tena gango hili lina upungufu wake: nukta huonyesha simu, haimwonyeshi mtu. Simu yaweza kuachwa kwenye kibanda cha kuchajia hapa sokoni, na mwenyewe yuko kwingine. Anayetaka kudanganya atajifunza hilo kwa siku moja. Asiyetaka hahitaji nukta. Kwa hiyo katika mambo yote mawili, chombo hiki hakiwezi kufanya kazi tuliyotaka kukipa.

Je, tukitupe? La. Kisu hukata mboga na hukata kidole, wala hatukitupi. Mimi na mume wangu hatukuacha kabisa. Akisafiri usiku hunifungulia saa nane, nami huitazama akichelewa kupita kawaida yake. Lakini tuna sharti moja, ambalo yeye ndiye aliyelitaka: nikiitazama, nimwambie. Simwulizi tena, "Umefika wapi?" huku jibu ninalo. Namwambia, "Nimeona uko Bugiri, umekula?" Ni sentensi fupi, lakini mwalimu wa lugha ataona kilichobadilika. Ya kwanza ilikuwa ya kupima. Ya pili ni ya kujali, nayo imejitangaza. Lugha yetu yenyewe inaijua tofauti hii, kwa kuwa mwangalizi kwetu si mtu aonaye tu. Ni mtu atunzaye. Asiyetunza, hata akiona usiku na mchana, tuna jina jingine kwake, nalo ni mpelelezi.

Kuhusu usiku ule wa Busia, bado sijui nukta ilikosea au haikukosea. Zipo siku ambazo swali hilo hunirudia, hasa ninaposahihisha madaftari peke yangu na lori liko mbali. Siwadanganyi wasomaji kwamba limeniacha. Lakini nimekubali kuliacha bila jibu, na katika kulikubali huko nimejifunza juu ya neno imani jambo ambalo sikulipata katika kamusi yoyote wala chuoni nilikosomea ualimu.

Basi, walimu wenzangu, vijana tunaowafundisha sasa watafunga ndoa wakiwa tayari wana simu mifukoni, na wengi wao wameanza kudaiana nukta hizi hata kabla ya kuposana. Nashauri suala hili tuwape kama mada ya mdahalo au ya insha. Tusiwaulize kwanza, "Je, una jambo la kuficha?" maana hilo ni swali la askari. Tuwaulize, "Ukipewa amana ya kumwona mwenzio, utaitunza vipi?" Atakayeona kwamba nimekosea katika hoja zangu na anikosoe katika toleo lijalo, nitamsoma kwa shukrani, kwa kuwa hilo litakuwa swali ambalo jibu lake sinalo.